Naftali Temu: Mkimbiaji Aliyejifunza Kungoja

Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, tumeona ni vyema kijitabu hiki kiwe pia na maisha ya mtu mmoja ambaye vijana wetu wangepaswa kumjua sawasawa. Mwaka huu tumemchagua Naftali Temu. Huyu hakuwa chifu wala waziri, wala hakuacha utajiri wa kutajwa. Alikuwa askari na mkimbiaji, mtoto wa nchi yetu hii ya Nyamira, naye ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Jina lake wengi wamelisikia. Lakini katika mazungumzo yetu tumezoea kulitaja kama watu watajao mlima kwa kuonyesha kilele chake tu, pasipo kusema habari za njia ya kupandia. Sisi twataka kusimulia njia, kwa kuwa ndiyo yenye faida kwa kijana aliyeanza kazi jana na leo anafikiri kuiacha, na kwa mzee anayeulizwa kama kijana huyo astahili kusaidiwa mara ya pili.

Naftali Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa karibu kwisha huko Ulaya, na nchi yetu ilikuwa bado chini ya serikali ya kikoloni. Kila aliyekulia katika vilima hivi ajua kwamba hapa hakuna safari isiyokuwa na mpando: maji yako bondeni, nyumba ziko juu, na shule, soko na kanisa viko ng'ambo ya kilima kingine. Watoto wa zamani walikwenda mbio kwa sababu ya lazima, si kwa michezo.

Tena kijana wa wakati ule hakukosa mfano wa kufuata. Nyandika Maiyoro, Mgusii mwenzetu, alikuwa amekwenda Vancouver mwaka 1954 na kumaliza wa nne katika mbio za maili tatu. Akaenda Melbourne mwaka 1956, akawa wa saba katika mita 5,000. Na huko Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Arere Anentia naye, mwaka 1958 mjini Cardiff, alipata medali ya shaba katika mbio za maili sita. Watu hao walifungua mlango, ingawa dhahabu yenyewe hawakuishika.

Temu aliingia katika jeshi la Kenya, na huko ndiko mbio zake zilikokomaa. Yafaa tukumbuke jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Siku zile sheria za Olimpiki hazikuruhusu mkimbiaji alipwe kwa kukimbia. Hapakuwa na zawadi za fedha wala mikataba ya viatu. Mtu aliishi kwa mshahara wa kazi yake, awe askari wa jeshi, wa polisi au wa magereza, akakimbia juu ya kazi hiyo. Alitii amri kama wenzake, akaamka mapema kama wenzake, na mwili uliochoshwa na gwaride na zamu ndio huo huo uliotakiwa uwanjani. Kwa hiyo tusemapo habari za Temu twasema habari za mfanyakazi, mtu mwenye mkuu juu yake na wajibu wa kila siku.

Katika Oktoba 1964 Kenya ilipeleka wanamichezo wake Tokyo, Japani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kwenda Olimpiki ikiwa huru, maana Uhuru ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Temu alikuwa na umri wa miaka 19. Alishiriki katika marathoni, mbio za kilomita 42 na zaidi, ambazo wakimbiaji wengi hawazijaribu mpaka wapevuke kabisa. Mshindi alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeishinda marathoni ya Olimpiki kwa mara ya pili mfululizo. Temu alimaliza akiwa wa 49, karibu nusu saa nyuma ya mshindi. Aliyerudi na medali alikuwa jirani yetu kutoka upande wa Kericho, Wilson Kiprugut, aliyepata shaba katika mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Hapa twawaomba wasomaji wetu wasimame kidogo. Mtu wa 49 hana picha katika gazeti. Hakuna apigaye ngoma kwa ajili yake. Kama sisi tungalikuwa kamati ya kuchagua mwaka ule, wangapi kati yetu wangaliinua mkono ili kijana huyu apelekwe tena kwa gharama ya umma? Twaogopa kwamba wengi wetu tungalisema alikwisha kupewa nafasi yake, na sasa wapewe wengine. Bahati njema wakubwa wake hawakuamua hivyo, na yeye mwenyewe hakuamua hivyo. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Temu alirudi kambini, akaendelea na kazi.

Matunda yalionekana baada ya miaka miwili. Mwezi wa Agosti 1966, katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaica, Temu aliingia katika mbio za maili sita. Mbele yake alikuwapo Ron Clarke wa Australia, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39. Dunia nzima ya michezo ilimhesabu Clarke kuwa bingwa wa masafa marefu. Kijana wa Nyamira, mwenye miaka 21, hakutishwa na jina hilo. Alimfuata Clarke, akamchosha, kisha akamwacha nyuma kwa takriban sekunde 25, akatwaa dhahabu. Yule wa 49 wa Tokyo amemshinda mwenye rekodi ya dunia!

Hata hivyo, mtu mwenye akili hupimwa baada ya kushinda kuliko baada ya kushindwa. Wako walioharibiwa na sifa za siku moja wakaacha jasho. Temu hakuacha. Ilipofika Oktoba 1968 alikuwa miongoni mwa Wakenya waliokwenda Mexico City, mji uliojengwa juu sana, yapata mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na waliozoea nchi za chini walitaabika sana. Watu wa vilima kama vyetu walikuwa na nafuu, lakini nafuu si ushindi. Wakimbiaji wengi wa nyanda za juu walikuwako siku ile, na dhahabu ilikuwa moja tu.

Mbio za mita 10,000 zilikimbiwa tarehe 13 Oktoba. Ni mizunguko 25 ya uwanja, na hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha maisha yake. Mwendo wa mwanzo ulikuwa wa pole, kwa maana kila mmoja aliiogopa ile hewa. Temu hakuharakisha, wala hakutaka kuongoza ili aonekane. Mizunguko ikapita, na mmoja mmoja wakaanza kupungukiwa. Kipchoge Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya tumbo, alishindwa kumaliza. Ron Clarke alipambana mpaka mwisho, akawa wa sita, akaanguka baada ya mstari na kutiwa hewa ya oksijeni na madaktari. Mwishoni walibaki watu wa Afrika: Mohammed Gammoudi wa Tunisia, Mamo Wolde wa Ethiopia, na Temu wetu. Wolde alichomoka katika mzunguko wa mwisho, ikaonekana kwamba dhahabu ni yake. Lakini Temu alikuwa amejiwekea akiba. Katika unyoofu wa mwisho, zikiwa zimebaki hatua chache, alimfikia Wolde, akampita, akashinda kwa chini ya sekunde moja. Muda wake ulikuwa dakika 29, sekunde 27 na nukta 4.

Tazameni basi tofauti. Muda huo ulizidi rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili. Kama Temu angalikuwa mtu wa kushindana na saa au na sifa za wengine, angaliumaliza mwili wake mapema katika hewa ile. Alikwisha kujifunza kuipima kazi iliyo mbele yake, si ile ya jana wala ya mahali pengine, na kuitunza nguvu mpaka saa yake. Kungoja namna hii si uvivu. Ni kazi ngumu kuliko kukimbia, maana mwenye kungoja huwaona wengine wakimtangulia naye hana budi kujizuia.

Siku nne baadaye ilikuwa fainali ya mita 5,000. Gammoudi alipata dhahabu, Keino fedha, na Temu shaba. Tarehe 20 Oktoba akakimbia marathoni pia, akawa wa 19. Na mshindi wa marathoni hiyo alikuwa Mamo Wolde, yule yule aliyenyang'anywa dhahabu kwa chini ya sekunde moja wiki moja kabla. Twamtaja Wolde kwa heshima, kwa sababu yeye pia atufundisha kwamba aliyeshindwa Jumapili aweza kushinda Jumapili ifuatayo. Kenya ilirudi nyumbani na medali tisa, tatu zikiwa za dhahabu: ya Temu, ya Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji, na ya Keino katika mita 1,500. Wagusii na majirani zetu Wakipsigis, ambao babu zao walivuka mipaka usiku kufuata ng'ombe, sasa walivaa fulana ya rangi moja.

Hatutaki kuyapamba maisha haya kupita ukweli. Baada ya Mexico nguvu za Temu zilipungua. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970 hakupata medali, na katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 hakupita mchujo wa mita 10,000. Alikuwa na miaka 27 tu. Huo nao ni mtihani wa kazi, na pengine ndio mkubwa kuliko yote: mtu aliyekuwa wa kwanza kukubali kwamba zamu yake imekwisha. Akaacha mashindano, na mbio zikaendelea kwa miguu ya wengine. Katika Munich ile ile Kenya ilipata dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 kwa watu wanne, na watatu kati ya hao wanne, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, walikuwa wana wa Gusii. Mlango uliofunguliwa na Maiyoro na Anentia, na Temu akaupita, ulikuwa haujafungwa.

Naftali Temu alifariki Nairobi tarehe 10 Machi 2003, baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 57. Medali hazikumfanya tajiri, kwani michezo ya siku zake haikulipa. Alichoachia taifa ni jina la kwanza katika orodha ambayo tangu hapo imekuwa ndefu sana.

Basi, wazee na wanachama, maisha haya yatuhusu nini sisi wa Magwagwa? Kwa vijana wetu walio kazini, katika mashamba ya chai, katika ofisi, madukani na viwandani, twasema hivi: mwaka wa kwanza wa kazi waweza kuwa Tokyo yako. Waweza kukemewa, kupitwa na wenzako, na kuwa wa 49. Usiihesabu siku hiyo kuwa hukumu. Rudi kambini, jifunze ulikopungukiwa, na utunze nguvu zako kwa mzunguko ulio na maana.

Na kwa wazee na wajumbe wa kamati twasema kwa unyenyekevu jambo lililo zito zaidi. Ni desturi yetu kumsaidia kijana mara moja, kwa karo au kwa nauli ya kwenda kutafuta kazi, na akishindwa, jina lake hukatwa, fedha zikapewa mwingine. Twaelewa sababu: mfuko ni mdogo na wahitaji ni wengi. Lakini kanuni hiyo ingalimwacha Temu nyumbani mwaka 1966, na Kingston asingaliiona, wala Mexico. Tungependa mkutano mkuu ulifikirie neno hili: kwamba kijana aliyeshindwa mara moja, ila amethibitisha kwa mwenendo wake kwamba bado yuko kazini na anajifunza, asikatwe bila kusikilizwa. Tusimwulize tu alikuwa wa ngapi. Tumwulize pia amefanya nini tangu siku ile.

Tukifanya hivyo tutakuwa tumemkumbuka Naftali Temu kwa namna inayomfaa kuliko kulitaja jina lake katika hotuba. Yeye alipewa nafasi ya pili, naye akaitumia vizuri. Twaomba Mungu awajalie vijana wetu wote uvumilivu wake, na atujalie sisi wenye kuamua subira ya kuwangoja.