Bernini na Mto Nile Uliofunikwa Uso

Katika mji wa Roma upo uwanja uitwao Piazza Navona, na katikati yake imesimama chemchemi ya mawe yenye sanamu nne kubwa, mfano wa mito minne: Danube ya Ulaya, Ganges ya Asia, Rio de la Plata ya Amerika, na Nile ya Afrika yetu. Aliyeibuni ni Gian Lorenzo Bernini, aliyezaliwa Napoli mwaka 1598. Twasimulia habari zake kwa kuwa ni za mtu aliyevunjiwa heshima, asiache kazi.

Uchongaji alifundishwa na baba yake, Pietro, na Mapapa wakamtukuza. Mwaka 1637 alianza kujenga mnara wa kengele kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Nyufa zikatokea, wapinzani wake wakapata la kusema, na mwaka 1646 Papa Innocent wa Kumi akaamuru mnara ubomolewe. Bernini hakuukimbia mji. Alishika patasi akaanza kuchonga, bila kuagizwa na mtu, sanamu ya Ukweli ufunuliwao na Wakati.

Papa alipotaka chemchemi, Bernini hakuitwa pamoja na mafundi wengine. Lakini mkwe wa jamaa ya Papa aliuweka mfano wake mahali ambapo Papa angepita. Papa akauona, akampa kazi. Ndipo yule aliyelaumiwa kwa nyufa alipothubutu kuutoboa mwamba pande zote nne, na juu ya uwazi huo akasimamisha nguzo ya kale yenye urefu wa mita 16 na zaidi. Chemchemi ilifunguliwa mwaka 1651, na nguzo ingali imesimama.

Haki yatudai tuseme pia kwamba wananchi wa Roma walinung'unika, maana walitozwa kodi ilhali mkate ulikuwa haba. Tena sanamu ya Nile ilichongwa kwa mkono wa msaidizi wake, Giacomo Antonio Fancelli.

Nile amefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwani Wazungu wa siku hizo hawakujua chanzo chake. Wenyeji wa Jinja waliyaona maji yakitoka ziwani tangu zamani. Speke alifika hapo mwaka 1862 tu.

Bernini alifariki mwaka 1680, heshima yake imekwisha kumrudia. Nasi tulio chini ya amri twajua uchungu wa lawama. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.