Shaaban Robert: Karani Aliyejenga Nchi Angani

  Mwezi uliotangulia huu tulio nao ni Shaaban, na leo nataka tumkumbuke mtu aliyebeba jina la mwezi huo: Shaaban Robert. Najua wamjua kwa mashairi, manake shuleni ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hapa nataka tuangalie upande wake mwingine: vipi Muislamu huyu, karani wa serikali, alitumia hadithi za majini na nchi zisizokuwako kusema maneno ya kweli ambayo kuyasema wazi kungemtia mashakani.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Wako wanaosikia Robert wakadhani alikuwa Mkristo. Sivyo. Robert ni jina la baba yake, na yeye alizaliwa, akaishi na akafa Muislamu. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na mji wa Tanga, katika ukoo wenye asili ya Kiyao, lakini yeye mwenyewe alijihesabu Mswahili. Tena ni jirani yetu huyu. Ukivuka feri ya Likoni, ukashika barabara ya Ukunda na Msambweni mpaka mpakani Lunga Lunga, Tanga iko mbele yako.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na hapo masomo yake ya darasani yakaisha. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa karani katika idara ya forodha, akakaa huko mpaka 1944, akihamishwa mji huu na ule wa pwani. Baadaye akafanya kazi idara ya mifugo, kisha ofisi ya jimbo pale Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi. Yaani maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa mafaili na barua za wakubwa.

Na hakuwa mtu asiyejua machungu. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo lasomwa. Aliachiwa malezi, na kwa watoto wake akaandika tenzi mbili za nasaha: Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Fikiria baba akirudi kutoka ofisini amechoka, akakaa chini kuwaandikia wanawe namna ya kuishi na watu.

Sasa tuje kwenye hadithi. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika. Nchi yenyewe iko angani, haina hata mahali pa kukanyaga. Humo waziri aitwaye Majivuno anamshitaki kijana Karama mbele ya mfalme. Kosa lake ni nini? Ati ameanzisha mafunzo ya sheria! Karama anajitetea kwa kuwasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuitengeneza nchi. Malipo yao yakawa kifungo. Mwisho haki inamsimamia Karama, na wajumbe wanatoka gerezani.

Hebu jiulize, msomaji, hiyo ni nchi gani? Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na chama cha TANU kilikuwa bado miaka 3 kuundwa. Aliyeandika ni karani anayekula mshahara wa serikali hiyo hiyo. Angeandika makala ya kuwashambulia wakubwa waziwazi, sijui kazi yake ingebaki. Akaipandisha nchi angani, akampa waziri jina la Majivuno, na kila mwenye akili akaelewa. Waingereza wenyewe walimpa nishani ya MBE!

Mwaka 1952 kikafuata Adili na Nduguze. Hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela, kisa cha Abdalla bin Fadhil, liwali wa Basra zama za Harun Rashid. Kwa Shaaban, liwali ni Adili, na kila usiku yuawapiga nyani wawili huku yuasikitika. Kumbe nyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, na jini aitwaye Huria ndiye aliyewageuza. Katika kisa cha Kiarabu ndugu hao ni mbwa, na baada ya kurudishwa ubinadamu wanajaribu kumuua ndugu yao. Shaaban hakukubali mwisho huo. Wake wanajuta, wanasamehewa, wanarudi kuwa watu. Mwezi huu ambao twaomba maghufira kila usiku, hapo si padogo. Kuna ndugu wangapi Kisauni, Changamwe na Likoni hawasemezani kwa sababu ya shamba au mirathi?

Najua wako wazazi watakaosema hadithi za kubuni ni uongo, na mtoto wa madrasa haifai ashughulike nazo. Mimi si sheikh, wala hapa sitoi fatwa. Nasema tu kwamba muongo hutaka umuamini. Msimulizi huanza kwa paukwa, nasi tukajibu pakawa, na kila mtu ajua tumeingia wapi. Shaaban Robert aliiweka paukwa yake kwenye majina ya vitabu: Kusadikika, Kufikirika. Hakumdanganya mtu. Cha kuuliza ni hadithi yamfundisha nini msomaji.

Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Kufikirika, kisa cha mfalme tajiri asiyekuwa na mtoto, kilichapishwa 1967, yeye yuko kaburini Vibambani. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilitoka kitabu mwaka 2002. Miaka 40 baada ya kufa kwake, kalamu yake yaendelea kusema.

Mwaka 1992, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa J.R.R. Tolkien, bingwa wa Uingereza wa hadithi za nchi za kubuni, waandishi walikusanyika wakatoa kitabu cha hadithi fupi kwa heshima yake. Kila mmoja alichangia hadithi moja. Sisi twashindwa nini? Baada ya tarawehe, badala ya kukesha kwenye simu, chukua daftari. Buni nchi yako. Mpe waziri wako jina. Zungumzia unga wa mihadarati unaomaliza vijana mtaani, au ardhi inayouzwa usiku, bila kumtaja jina jirani yako. Andika kurasa 2 tu, umsomee mamako kabla ya daku. Tukizikusanya zetu, hicho ndicho kitabu cha kumuenzi Shaaban Robert.

Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe sisi na yeye, na azipokee saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.