Edward Rogers: Kijana aliyeikomboa redio kutoka kwenye betri

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi msikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki aliijua vema taabu ya betri. Zilipochoka alizianika juani, akazirudisha redioni, akaambulia dakika chache za taarifa ya habari kabla ya sauti kufifia tena.

Taabu kama hiyo, tena iliyokuwa kubwa zaidi, iliwakabili wenye redio wa Amerika ya Kaskazini karne moja iliyopita. Miongoni mwa waliowatoa huko yumo kijana wa Toronto, Kanada, aliyeitwa Edward Samuel Rogers.

Rogers alizaliwa Juni 21, 1900, katika familia tajiri ya wafanyabiashara, waumini wa dhehebu la Marafiki, maarufu kama Waquaker. Tangu utotoni alivutwa na mawasiliano yasiyo na waya. Desemba 1921, akiwa na umri wa miaka 21, mawimbi ya kituo chake kidogo, 3BP, yalivuka Bahari ya Atlantiki na kunaswa Ardrossan, Scotland, katika majaribio ya wapenzi wa redio wa pande mbili za bahari hiyo.

Wakati huo redio ya nyumbani ilikuwa mzigo. Ilihitaji betri ya asidi, kama ile ya gari, kwa ajili ya kupasha moto valvu zake, na nyingine kavu za volti nyingi za kusukuma umeme ndani yake. Ya kwanza ilipaswa kuchajiwa kila mara, na asidi yake ilipovuja iliunguza sakafu na mazulia. Hizo nyingine zilipokwisha zilitupwa na kununuliwa mpya. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi za mjini zilikwishakuwa na umeme ukutani.

Kwa nini basi redio isichomekwe ukutani? Jibu lilikuwa fupi: mvumo. Umeme wa majumbani hugeuza mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde. Ulipopelekwa moja kwa moja kwenye uzi wa moto wa valvu za wakati ule, kila mgeuko ulijipenyeza katika sauti. Badala ya muziki, msikilizaji alipata mngurumo mzito usiokoma.

Mwaka 1924 Rogers alisafiri kwenda Marekani, na huko akaiona valvu ya majaribio ya mvumbuzi Frederick McCullough, iliyokusudiwa kutumia umeme wa aina hiyo. Bado ilikuwa na kasoro, lakini Rogers alitambua thamani ya wazo lililokuwamo. Alinunua haki za kuitumia Kanada, akarejea Toronto na kuanza kuirekebisha, huku familia yake ikigharimia kazi.

Siri ya valvu hiyo ni kutenganisha moto na sauti. Uzi unaopashwa moto haukutumika tena kutoa elektroni, bali ulifichwa ndani ya mrija mdogo wa chuma, na mrija huo ndio uliozitoa. Chuma kikishapata moto hakipoi kwa sehemu ndogo ya sekunde, hivyo hata mkondo wa umeme ukipanda na kushuka, joto lake hubaki tulivu.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuubadili umeme wa ukutani uwe mkondo wa mwelekeo mmoja, kisha kuulainisha kwa kapasita na koili, mpaka mawimbi yake yatulie. Katika Toronto kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwani umeme wa kusini mwa Ontario ulikuwa wa mizunguko 25 tu kwa sekunde. Kadiri mizunguko inavyopungua, ndivyo kapasita na koili zinavyohitajika kuwa kubwa.

Agosti 1925, redio ya Rogers isiyo na betri ilionyeshwa katika Maonyesho ya Taifa ya Kanada mjini Toronto. Ilichomekwa ukutani, ikaimba. Kampuni kubwa za Marekani zilianza kuuza kwa wingi valvu za namna hiyo mwaka 1927, miaka miwili baadaye.

Februari 19, 1927, Rogers alizindua kituo cha matangazo, CFRB, nacho kikiendeshwa kwa umeme wa kawaida badala ya betri. Herufi mbili za mwisho zilisimama badala ya jina la redio yake isiyo na betri. Mwaka 1931 alipata kibali cha kufanya majaribio ya televisheni.

Lakini hakujaliwa umri mrefu. Mei 6, 1939, alifariki dunia kwa kuvuja damu ndani ya mwili, akiwa na umri wa miaka 38. Alimwacha mjane, Velma, na mtoto wa kiume, Ted, ambaye hakuwa ametimiza miaka sita.

Katika miaka iliyofuata, kiwanda na kituo vilitoka mikononi mwa familia. Velma alimlea mwanawe kwa kumsimulia kazi za baba yake, naye Ted akakua na nia ya kulirejesha jina hilo. Mwaka 1960 alinunua kituo cha FM cha Toronto, CHFI, kisha akaingia katika televisheni ya kebo na simu za mkononi. Alipofariki Desemba 2008, aliacha moja ya kampuni kubwa za mawasiliano Kanada.

Urithi wa baba yake umo pia katika vyumba vya mafundi wa leo. Anayejiundia kikuza sauti nyumbani bado anapigana na adui yuleyule. Umeme wetu wa mizunguko 50 ukishapita kwenye dayodi nne huacha mvumo wa mizunguko 100, na kapasita ndizo huumeza. Fundi makini huiweka transfoma mbali na waya za kuingizia sauti, na nyaya za kupasha valvu huzisokota pamoja ili nguvu zake zifutane.

Matunzo nayo yana sheria yake. Kapasita za kulainisha umeme hukauka kadiri miaka inavyopita, na mvumo ukirejea katika chombo cha zamani, hizo ndizo za kushukiwa kwanza. Zisiguswe ovyo, maana huweza kushika umeme wa hatari hata baada ya chombo kuchomolewa ukutani. Ni lazima fundi azimalize chaji kwanza.

Rogers alifanya kazi ambayo ikifanikiwa haisikiki. Msikilizaji husikia wimbo tu, wala hajiulizi mngurumo ulikwenda wapi.