Barbara Castle: Mwanafunzi wa daraja la tatu aliyeuliza maswali kuhusu Hola

Kama umewahi kusimamishwa usiku kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru ukaambiwa upulize Alcoblow, kuna mama mmoja Mwingereza unayeweza kumlaumu kidogo. Barbara Castle ndiye aliyekuwa waziri wa uchukuzi Uingereza ilipoanza kuwapima madereva pombe barabarani mwaka wa 1967. Yeye mwenyewe hata kuendesha gari hakujua.

Lakini leo tumwache waziri, tumtazame mwanafunzi.

Alizaliwa 1910 mjini Chesterfield, akiitwa Barbara Betts. Babake alikuwa mkaguzi wa ushuru na msoshalisti wa kufa kupona. Mwaka wa 1929 binti akaingia St Hugh's, chuo cha wanawake watupu pale Oxford.

Wakati huo mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa bado machanga. Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameanza kupanda miaka michache tu kabla. Msichana wa Litein au Bomet hakuwa na shule ya upili ya kwenda. Ile ya kwanza ya wasichana Waafrika nchini, tunayoiita leo Alliance Girls, ilifunguliwa 1948.

Kwa hivyo ungedhani Barbara alikuwa peponi. Wapi! Oxford ilikuwa imeanza kuwapa wanawake digrii 1920 tu, na kufikia 1927 ikaona wamezidi, ikawawekea kikomo cha idadi. Oxford Union, chama cha mdahalo kilichowapika mawaziri wakuu, hakikukubali wanachama wanawake hadi 1963. Na huko chuoni, saa za kurudi jioni na za kupokea mgeni wa kiume zilipangwa. Aliyesoma bweni anaelewa.

Alianza na Kifaransa, akahamia falsafa, siasa na uchumi. Bado vitabu havikumkolea. Akili yake yote ilikuwa kwenye klabu ya wanafunzi wa chama cha Labour, ambako alichaguliwa mweka hazina. Matokeo yalipotoka 1932, alipata daraja la tatu. Ilimuuma, tena sana, kwa sababu kwao elimu haikuwa mchezo.

Kazi nazo hazikuwepo, uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Msomi wa Oxford akajikuta dukani Manchester akiuza matunda ya sukari. Sijui kama kuna graduate wa Kenya atakayeshangaa.

Siasa haikumtupa. Alichaguliwa mbunge wa Blackburn 1945, na 1955 akaja Kenya, katikati ya hali ya hatari, akiandikia gazeti la Daily Mirror. Alikuwa akifuatilia kisa cha Kamau Kichina, mtu aliyepigwa hadi akafia mikononi mwa polisi. Wakoloni hawakufurahia ziara hiyo hata kidogo.

Halafu ikaja Hola. Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi hiyo ya Tana River, na serikali ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Castle alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa hadithi hiyo ya maji. Waliuliza, wakauliza tena, mpaka mjadala wa Julai mwaka huo ukapita saa sita usiku bungeni London.