Werner Forssmann, munganga aliyesukuma mupira mupaka ndani ya moyo wake

Werner Forssmann alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1904. Baba yake alikufa ku vita ya kwanza ya dunia. Mama yake njo alimulea. Alisoma uganga, na mwaka 1929 akaanza kazi ku lopitali moja ya Eberswalde.

Wakati ule banganga waliogopa kugusa moyo wa mutu muzima. Forssmann alifikiri kama mupira mwembamba unaweza kupita ndani ya mushipa wa mukono na kufika ku moyo, ili dawa iingie haraka wakati mugonjwa iko karibu kufa. Mukubwa wake alikatala. Vyombo visafi vilifungiwa, na funguo zilikuwa kwa muuguzi, mama Gerda Ditzen. Huyu alikubali, lakini kwa sharti moja: ajaribiwe yeye. Forssmann akamufunga ku meza kama vile anamutayarisha, kumbe anajitoboa mwenyewe mukono wa kushoto. Mama alipojua, mambo yalikuwa yamekwisha kufanyika. Kisha wakaenda pamoja ku chumba cha radio. Mule alisukuma mupira karibu santimeta 60, na picha ikaonyesha ncha yake iko ndani ya moyo.

Kudanganya mwenzako wa kazi si jambo la kusifu. Lakini tushike hili: hakusema mupira umefika mbele ya kuona picha.

Wakubwa wa Charité, lopitali kubwa ya Berlin, hawakumutaka. Akageuka munganga wa njia ya mukojo. Mwaka 1932 aliingia chama cha Nazi, doa ambayo haifutike. Kisha vita ya pili alikatazwa kazi kwa muda, halafu akatunza wagonjwa ku vijiji. Kule New York, André Cournand na Dickinson Richards waliendeleza njia yake, na mwaka 1956 wote watatu walipewa zawadi ya Nobel. Alikufa mwaka 1979.

Leo ndugu yetu akipondwa na jiwe ku mugodi, wanaweza kumuwekea mupira kama ule ku shingo ao chini ya mufupa wa bega. Unaokoa, lakini uko na hatari zake. Sindano ikigusa pafu, hewa inajaa kifuani na mutu anakosa pumzi. Inaweza kutoboa mushipa usiofaa, damu ikamwagika. Damu inaweza kuganda, mukono ukavimba. Mikono michafu inaingiza vijidudu moja kwa moja ndani ya damu.

Kwa hiyo, wandugu, kama vile tunapima dari mbele ya kuingia, tuulize kwa heshima: munganga amenawa na kuvaa glavu safi? Wameangalia na mashini ao picha ya radio kama mupira uko pahali pake? Bado unahitajiwa leo, ao utolewe? Na mugonjwa akitetemeka na homa, ao akishindwa kupumua, tuite muuguzi palepale, tusingoje asubuhi.