Edward Steere na Watoto wa Jahazini

Soma Danieli 1:1–7, Kutoka 22:22–24.

Mwaka 1864 Sultani Majid wa Unguja alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wala mama wa kuwasemea. Pamoja na Tozer alikuwepo padri Mwingereza wa miaka 36, msomi wa sheria, Edward Steere.

Steere alijitia kujifunza Kiswahili, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi na kingine cha hadithi za Unguja. (Sisi wa Tanga tusisahau kwamba tangu 1867 alikwisha kuchapisha maneno ya Kishambaa.) Vijana wa misheni walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Ni kazi ya mikono, ya kumlisha mtu mzima. Tena Steere alipinga kumlea mtoto wa Kiafrika ili awe Mwingereza.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Watoto wengi walitoka bara, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Katika ubatizo walipewa majina mapya. Danieli na wenzake nao walibadilishwa majina Babeli, ingawa nia ya mfalme yule ilikuwa nyingine. Mmoja wa wale watano twamjua kama John Swedi, aliyewekwa kuwa shemasi mwaka 1879.

Steere akawa askofu mwaka 1874. Miaka miwili baadaye alitembea kwa miguu kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa, akikusudia kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona wamekaribia kwao, wakataka kubaki. Akawakubalia. Kwangu mimi, hapo ndipo alipowasikiliza kweli. Alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga palipokuwa soko la watumwa.

Leo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake na ukoo wake. Mtoto aliye katika makao ya watoto hapungukiwi haki hiyo.

Sabato alasiri, kundi lenu la Raskazone likipeleka unga na sabuni katika makao, acheni kupiga picha za watoto. Mwombeni msimamizi awaambie, bila kutaja jina la mtoto yeyote: je, leseni ipo? Faili la kila mtoto linaonyesha alikotoka? Ni lini mara ya mwisho ndugu zake walitafutwa?