Vinsenti wa Paulo: Kijana Aliyemwonea Aibu Baba Yake



Vijana wenzangu, kuna filamu ya zamani ya Kifaransa inaitwa Monsieur Vincent. Ilitoka mwaka 1947, ikiongozwa na Maurice Cloche. Ilipata tuzo maalumu ya Oscar kwa filamu ya lugha ya kigeni, na Pierre Fresnay, aliyeigiza kama Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, alitunukiwa kule Venice kama mwigizaji bora. Haina rangi wala mbwembwe, lakini ukiipata itazame. Inaanza Vinsenti akiwa tayari padre, anaingia Châtillon kwa watu waliojaa hofu ya tauni. Mimi leo nataka turudi nyuma zaidi, kwenye ujana wake, kwa sababu huko kuna jeraha ambalo wengi wetu tunalijua.

Vinsenti alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye mwenyewe alichunga mifugo. Baba aliona mtoto ana akili, akampeleka shule Dax, na baadaye akauza maksai wawili ili aendelee na masomo. Mkulima kuuza maksai si jambo dogo, jamani. Ni kama kuuza jembe lako mwenyewe.

Sasa siku moja baba akaenda kumtembelea shuleni. Mzee alikuwa anachechemea na mavazi yake yalikuwa ya kimaskini. Vinsenti akaambiwa baba yako yupo, anakusubiri. Hakutoka. Aliona aibu wenzake wajue kwamba yule ndiye baba yake.

Mwaka 1598 baba alifariki. Hakukuwa tena na mtu wa kumwendea na kumwomba msamaha.

Miaka miwili baadaye Vinsenti akapewa upadrisho, akiwa na miaka 19 tu, wakati Mtaguso wa Trento ulitaka mtu awe ametimiza 24. Kwa nini haraka hivyo? Tusimpambe. Alikuwa anatafuta cheo cha Kanisa chenye mapato mazuri, asaidie ndugu zake, kisha apumzike mapema. Akafika Paris, akawa mmoja wa mapadre wa Malkia Marguerite, na mwaka 1613 akaingia kwa familia tajiri ya Gondi kuwalea watoto wao kielimu. Yaani alikuwa amefika alikotaka.

Lakini Mungu alimngoja kijijini. Mwaka 1617, kwenye mashamba ya hao Gondi, aliitwa kwa mkulima mmoja aliyekuwa anakaribia kufa. Kila mtu alimjua kama mtu mwema. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa anaficha dhambi zake kitubioni, kwa aibu. Vinsenti akamsaidia kuungama maisha yake yote, na yule mzee akafa na furaha, akiwaeleza watu wazi jinsi alivyookolewa. Tarehe 25 Januari, Vinsenti akahubiri juu ya kitubio katika kanisa la Folleville. Watu walifurika hadi wakaombwa Wajesuiti kutoka Amiens waje kusaidia kuungamisha.

Hebu tafakari hapo. Mkulima alificha dhambi kwa aibu, na padre aliyemsikiliza aliwahi kumficha mkulima kwa aibu. Sijui kama Vinsenti aliwaza hivyo siku ile, lakini mimi siwezi kusoma kisa hiki bila kumwona yule mzee anayechechemea, akisubiri mlangoni.

Kuanzia hapo maisha yake yaligeuka. Mwaka huohuo, kule Châtillon, alianzisha chama cha kina mama wa kuhudumia wagonjwa kwa zamu, chakula kisije kikaharibika leo na kesho watu wakalala njaa. Mwaka 1625 akaanzisha Shirika la Misioni kwa ajili ya watu wa vijijini, na mwaka 1633, pamoja na Mtakatifu Luisa wa Marillac, akaanzisha Mabinti wa Upendo. Aliwahudumia wafungwa wapiga makasia, akawakusanya watoto wachanga waliotupwa.

Je, ile aibu iliisha? Haikuisha mara moja. Siku moja, akiwa tayari mtu mashuhuri Paris, mpwa wake alifika kutoka kijijini na nguo za shamba. Vinsenti akataka aingizwe kimyakimya, asionwe. Halafu moyo ukamchoma. Akashuka mwenyewe mpaka barabarani, akamkumbatia, akamshika mkono, akamtambulisha kwa kila aliyekuwepo kama mtu wa heshima wa ukoo wake. Baadaye akaungama kosa hilo mbele ya wenzake. Kisa cha baba yake pia alikisimulia mwenyewe, uzeeni, bila kulazimishwa.

Katika falsafa tunajifunza kutofautisha mambo, nami natofautisha hivi: anayejuta tu hubaki anaangalia kosa lake, ila anayetubu hugeuka na kumwangalia aliyemkosea. Vinsenti hakuweza kumrudia baba. Basi aliwatoka nje wote waliofanana naye, mmoja mmoja, mpaka alipofariki tarehe 27 Septemba 1660.

Kijana mwenzangu, kama mzazi wako anauza mboga sokoni, au hajui kusoma, au kiatu chake kimechakaa, na wewe umewahi kujifanya humjui mbele ya marafiki, bado una nafasi ambayo Vinsenti aliikosa. Mpigie simu leo. Na kama ameshatangulia mbele ya haki, nenda kitubioni, kisha kamtafute mzee mmoja jirani ambaye hana wa kumtembelea.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, utuombee.